Mwarubaini umegoma? Anza na dalili, dawa baadaye

Kijana wa jirani hapa Nguu Tatu alinijia baada ya Magharibi, mkononi ana jani la sukuma lililotoboka hata linapitisha mwanga wa taa. "Shangazi, hiyo dawa yako ya mwarubaini ni maji ya kunawia miguu." Nikamwuliza mambo matatu: aliitengeneza vipi, aliipiga saa ngapi, na ni mdudu gani aliyemwona. La kwanza alijibu, la pili akasitasita, la tatu hakuwa nalo kabisa.

Wengi wanaonijia na lawama huwa hivyo. Kwa hiyo maelezo haya nimeyapanga kwa kile unachokiona shambani. Chini ya kila dalili, sababu inayotokea sana ndiyo inayotangulia, na ukaguzi usiogharimu kitu huja kabla ya dawa. Penye neno SIMAMA, simama kweli, tafuta mtu wa kazi hiyo.

Nimepiga mwarubaini, wadudu bado wanatembea

Sababu ya kwanza ni haraka yetu. Tumezoea dawa ya dukani inayomwangusha mdudu papo hapo. Mwarubaini hauendi hivyo. Kiini chake, azadiraktini, humkatia mdudu hamu ya kula, kisha humvuruga wakati wa kujivua ngozi. Kiwavi aliyeonja jani lenye dawa anaweza kuwapo siku tatu, nne, hata wiki, amekaa tu kama mgeni asiyeaga. Basi usihesabu wadudu, hesabu matobo. Siku unayopiga dawa, funga uzi kwenye majani matano machanga. Siku ya nne yatazame. Kama hayakuongezeka matobo, dawa inafanya kazi.

Sababu ya pili ni jua. Mwanga wa jua huivunja azadiraktini ndani ya siku chache, na kaskazi ya Januari hadi Machi haina huruma. Ukipiga saa nne asubuhi, nusu ya kazi umelipikia jua. Piga kuanzia saa kumi na moja jioni, upande wa chini wa majani kwanza. Rudia kila siku tano hadi saba. Mvua ikinyesha usiku ule ule, rudia tangu mwanzo. Wakati wa masika hilo litakuchosha, ujue mapema.

Sababu ya tatu iko jikoni. Watu huchuma majani, huyachemsha kama ya homa, hupoza, hupiga. Nguvu kubwa ya mwarubaini haiko kwenye majani, iko kwenye kiini cha kokwa, na moto huipunguza. Kipimo changu ni hiki: nusu kilo ya viini vilivyotwangwa kinuni kwa lita kumi za maji. Loweka usiku kucha, chuja kwa kipande cha kanga kuukuu, tumia siku hiyo hiyo. Usipochuja vizuri, kinywa cha pampu kitaziba na utamaliza jioni ukikipuliza. Sabuni kidogo ya maji, kijiko cha chai kwa lita, itie mwisho, unapotoka kwenda kupiga, ili dawa ishike kwenye jani. Kama huna kokwa, majani mabichi yaliyotwangwa, kilo moja kwa lita tano, yanasaidia, ila usitarajie makubwa.

Kokwa zenyewe nazo zina adabu zake. Okota zilizoiva manjano, menya nyama ya nje, osha, anika kivulini. Weka katika kikapu au gunia linalopumua. Kwenye mfuko wa nailoni, kwa unyevu wetu wa pwani, zitaota ukungu. Zenye ukungu tupa. Sumu ya ukungu ni mbaya zaidi ya mdudu unayemfukuza.

Ya nne ni maji, na hii imenichukua miaka kuigundua. Visima vyetu vingi vimetoboa mwamba wa matumbawe. Maji yake yana chokaa, na maji ya chokaa huivunja azadiraktini. Utayajua kwa birika: kama ndani kuna magamba meupe, na sabuni haitoi povu mpaka ukasirike, hayo ndiyo maji yenyewe. Loweka kwa maji ya mvua. Ukikosa, kamulia ndimu mbili tatu kwenye ndoo kabla ya kutia unga wa kokwa.

Ya tano ni mti wenyewe kuwa siyo. Kuna mwarubaini kamili, ambao wengine huuita mkilifi, na kuna mwarubaini nusu. Nusu una maua ya zambarau, na jani lake limegawika mara mbili: kijiti kikubwa hutoa vijiti vidogo, na vidogo ndivyo vyenye majani. Kamili una maua meupe, na majani yamejipanga kwenye kijiti kimoja tu, kila jani na meno pembeni. Matunda ya ule nusu ni sumu kwa binadamu na mifugo, kwa hiyo usiyatwange katika kinu cha nyumbani.

Ya mwisho, huenda mdudu wako si wa kutibiwa na mwarubaini kabisa. Konokono hajali mwarubaini. Mbawakavu waliokomaa hawaujali sana.

SIMAMA: umetengeneza sawasawa, umepiga mara tatu jioni, na majani yenye uzi bado yanaliwa. Usizidishe dozi, wala usichanganye na dawa ya dukani "ili iongeze makali". Chuma jani, mtie mdudu kwenye kichupa, mpelekee bwana shamba wa wadi yako.

Majani yameungua baada ya kupiga dawa

Hili nimejifanyia mwenyewe. Mwaka mmoja mabenda yangu yalijaa vidukari, nikaishiwa na sabuni ya maji, nikachota ya unga ya kufulia, kiganja kizima kwenye ndoo. Kesho yake saa saba mchana majani yalikuwa na mabaka ya kahawia kama karatasi iliyopitiwa na pasi. Vidukari walikufa, nayo mabenda pia.

Kwa hiyo sababu ya kwanza ni sabuni: imezidi, au ni ya unga. Ya pili, ulipiga juani. Ya tatu, mmea ulikuwa na kiu. Mwagilia asubuhi, piga jioni. Ya nne, pilipili au kitunguu saumu kilizidi, au mafuta hayakuchanganyika na maji, yakakaa juu ya jani kama kwenye kikaango.

Ukiona mapema, osha majani kwa maji matupu jioni hiyo hiyo. Yaliyokwisha kuungua hayarudi, ngoja mapya. Na dawa yoyote mpya ijaribu kwanza kwenye mmea mmoja, ungoje siku mbili. Hii mbili watu huifanya saa mbili, kisha wanalia.

Kuna mabaka ya pembeni ya jani, yanayotokea hata pasipo dawa yoyote. Hayo mara nyingi ni chumvi ya kisima. Yaonje maji.

Majani yamejikunja, yananata, yamepata weusi kama masizi

Pindua jani kabla ya lolote. Karibu kila mara utakuta vidukari upande wa chini, kijani au weusi, wamejibana kwenye chipukizi la kunde au moyo wa sukuma. Kunata ni mkojo wao mtamu, na yale masizi ni ukungu unaoota juu ya utamu huo. Ukitibu masizi na kumwacha kidukari, unafuta sakafu huku bomba linavuja.

Tazama pia sisimizi. Wakipanda na kushuka shinani, wanawachunga vidukari kama ng'ombe, wanakamua ule utamu na kuwafukuza maadui. Pitisha majivu makavu kuzunguka shina, uyaongeze kila yakilowa. Kisha wapige vidukari maji kwa nguvu asubuhi, siku tatu mfululizo. Bado wapo? Maji ya sabuni, vijiko viwili vya chai kwa lita, na lazima yawaguse wenyewe. Sabuni ikikauka haiui mdudu.

Kabla ya kupiga, angalia tena. Ukiona vidukari vilivyovimba, rangi ya karatasi ya kaki, havitikisiki, hivyo vimekwisha kutagiwa ndani na nyigu mdogo sana. Ukiona mbawakavu wekundu wenye madoa meusi, au watoto wao weusi wenye miguu mirefu, hao wanakula vidukari mchana kutwa bila mshahara. Waachie siku nne tano.

Sababu ya pili ni inzi weupe. Tikisa mmea; wakiruka kama unga uliopulizwa, ndio hao. Kwa zamu, maji ya sabuni alfajiri kabla hawajachangamka, na mwarubaini jioni. Ya tatu ni utitiri, hasa wakati wa kaskazi na kwenye mabiringani: jani lina vidoa vya manjano na utando mwembamba chini. Ligonge juu ya karatasi nyeupe. Vumbi likianza kutembea, ni utitiri. Huchukia maji, kwa hiyo osha majani upande wa chini mara kwa mara. Kwenye papai, donge jeupe kama pamba ni vidung'ata. Pangusa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni wakiwa wachache, au kata jani lote.

SIMAMA: tungule, yaani nyanya, zikidumaa, majani yakawa madogo, yamejikunja juu na kingo za manjano, na chini hakuna mdudu wa kutosha kueleza hayo, ni ugonjwa wa virusi ulioletwa na inzi weupe. Hali kadhalika muhogo wenye batobato ya majani, au ule ambao ndani ya kiazi una michirizi ya kahawia. Hakuna mti wala dawa ya dukani inayotibu virusi. Ng'oa, choma, na usimpe jirani vijiti vya muhogo huo, hata akibembeleza.

Matobo kwenye majani, mdudu haonekani

Rudi saa tatu usiku na tochi. Nusu ya mafumbo ya matobo hufumbuliwa na tochi. Mchana viwavi wamelala udongoni, konokono wako chini ya mawe, na wewe unalaumu panzi.

Konokono huacha njia inayong'aa. Waokote kwa mkono uliovaa glavu au mfuko, watie kwenye ndoo ya maji ya chumvi, uimwage mbali na shamba. Viwavi wa mchicha hushona majani pamoja. Fungua jani lililoshonwa, mponde humo humo. Kwa mashamba madogo yetu ya Kisauni na Mtongwe, mkono bado ni dawa kuliko zote, ingawa hakuna anayependa kuambiwa hivyo.

Miche ikikutwa asubuhi imekatwa shinani kama kwa wembe, chimba kidogo kwa kidole pale pale. Utamkuta kiwavi amejikunja. Miche mingine ivike pete ya paketi tupu ya maziwa, nusu yake izame udongoni.

Mahindi ni habari nyingine. Ukiona matobo makubwa na kama unga wa msumeno kwenye moyo wa mhindi, chungulia asubuhi na mapema. Kiwavi mwenye alama ya Y iliyopinduliwa usoni, na vidoa vinne vilivyokaa mraba karibu na mkia, ni kiwavijeshi vamizi, aliyeingia Kenya mwaka 2017. Akiwa mdogo, mimina maji ya kokwa za mwarubaini au tia mchanga uliochanganywa na majivu, vidole vitatu tu, ndani ya moyo wa mhindi. Akishakuwa na urefu wa kiungo cha kidole amezama ndani na dawa haimfikii. Mtoe kwa kijiti. Agroveti pia huuza dawa ya bakteria, Bt, ambayo kiwavi lazima aile ndipo imuue. Piga jioni, na hakikisha chupa ina namba ya usajili ya PCPB, bodi ya Kenya inayosimamia dawa za wadudu. Chupa isiyo na lebo, hata muuzaji akiapa ni ya asili, iache dukani.

Tungule zenye mabaka membamba yanayoonyesha mwanga, na vitundu kwenye tunda karibu na kikonyo, zina Tuta absoluta, kiwavi wa nondo aliyeingia Kenya mwaka 2014. Yeye hukaa kati ya ngozi mbili za jani, kwa hiyo sabuni haimwoni. Chuma majani hayo kila siku mbili, yafungie kwenye mfuko wa mbolea, anika juani. Mwarubaini humpunguza, haummalizi.

SIMAMA: zaidi ya nusu ya tungule zako zikiwa na mabaka hayo, usipoteze wiki nyingine. Mwite bwana shamba. Huenda lililobaki ni kung'oa zote na kupanda kitu kisicho cha ukoo wa tungule.

Mmea unanyauka mchana na maji umetiwa

Ng'oa mmoja. Najua unauma, lakini ng'oa.

Mizizi ikiwa na mafundo kama tangawizi, ni minyoo fundo, na mchanga wetu wa pwani wanaupenda mno. Kwenye kunde usijichanganye: vinundu vya mbolea ya asili vimening'inia pembeni ya mzizi, vinabanduka kwa kidole na ndani ni vya waridi. Mafundo ya minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba, hayabanduki. Mwagia samadi iliyooza sana, fukia makapi ya kokwa za mwarubaini, na ukubali kulipumzisha tuta: panda mabangibangi (si bangi, ni maua ya marigodi) miezi mitatu, au lifunike kwa plastiki angavu wiki sita katika joto la kaskazi, udongo ukiwa umeloweshwa kwanza.

Mizizi ikiwa safi, kata shina kipande cha kidole, kitie kwenye glasi ya maji safi, kikining'inia bila kutikiswa. Baada ya dakika chache uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka kwenye kidonda, huo ni mnyauko wa bakteria.

SIMAMA hapo. Hauna dawa, ya miti wala ya maabara. Toa mimea yote iliyonyauka pamoja na udongo wake, ichome, osha jembe na viatu, na usirudishe hapo tungule, biringani, pilipili wala viazi kwa miaka. Mwarifu bwana shamba, maana maji yanayotiririka kutoka kwako ndiyo yanayoingia kwa mwenzako.

Maembe yanaoza ndani, nje mazuri

Nzi wa matunda. Yule mkali kutoka Asia alionekana Kenya mwaka 2003, na tangu hapo maembe yetu ya ngowe na boribo hayajapumzika. Ukaguzi: tafuta kidoa kidogo kama kilichochomwa sindano, chenye utomvu. Ndani ya hilo tayari kuna funza, na hakuna cha kunyunyizia kinachowafikia.

Kazi yote iko chini ya mti. Embe lililoanguka na kuachwa ni chumba cha uzazi. Okota kila siku, yatie kwenye gunia la nailoni lililofungwa mdomo, acha juani wiki moja, au fukia kina cha futi mbili. Mitego ya harufu inayouzwa mara nyingi hunasa madume tu. Inasaidia kujua wapo wangapi, haiwamalizi. Maembe machache ya uani yavike mifuko ya gazeti yakiwa bado mabichi. Ukiwa na majimoto mtini, wale chungu wekundu wanaoshona majani, usiwachome: nzi huogopa kutaga wanapopita wao.

Madafu yanaanguka machanga, makuti yamekatika kama kwa mkasi

Makuti yaliyokatika umbo la V ni kazi ya chonga, yule mbawakavu mwenye pembe. Huzaliana kwenye magogo ya minazi yaliyooza na marundo ya samadi, kwa hiyo anza na gogo lililolala nyuma ya nyumba tangu mwaka juzi. Lipasue, likauke, au lichome.

Madafu machanga yenye makovu na utomvu yamefyonzwa na kunguni wa minazi. Adui yake mkubwa ni hao hao majimoto. Penye majimoto wengi, kunguni hupungua sana. Lakini chungu wadogo wa ardhini hupigana nao na mara nyingi hushinda, na ndiyo maana mnazi mmoja unazaa na wa jirani yake hauna kitu. Kusaidia majimoto, unganisha minazi kwa kamba au mianzi juu kwa juu ili wasipite chini.

SIMAMA: kumtoa chonga kwa waya huko juu ni kazi ya mgema, si yako wala ya mwanao. Na kilele kizima kikigeuka manjano, makuti yakaanza kudondoka moja moja, huo si mdudu unaoweza kumfukuza. Mwite afisa wa kilimo.

Aliyepiga dawa ndiye anayeumwa

Hili huulizwa kwa sauti ya chini. Ya kawaida ni pilipili: macho yanawaka kwa sababu ulipiga ukiuelekea upepo. Osha kwa maji mengi yanayotiririka, dakika kumi na tano, usifikiche. Vaa miwani, funga mdomo, uupe upepo mgongo.

Kubwa zaidi ni tumbaku. Maji ya tumbaku yanaua wadudu kweli, na yanaweza kukuua wewe pia. Nikotini hupita kwenye ngozi. Tena maji hayo hubeba virusi vya tumbaku hadi kwenye tungule. Siyatumii, na nikiulizwa kipimo chake sisemi. Utupa pia si mchezo: wazee waliutumia kulevya samaki, na maji ya kuoshea pampu yenye utupa yakifika kwenye mkondo wa mikoko yatafanya kazi ile ile. Pareto ni ya maua, lakini huua nyuki na samaki, kwa hiyo haipigwi mimea ikiwa na maua wala karibu na maji.

SIMAMA mara moja: kichefuchefu, jasho la ghafla, kizunguzungu, mate mengi au kupumua kwa shida baada ya kupiga dawa, iwe ya mti au ya chupa. Vua nguo zilizolowa, osha ngozi kwa sabuni, usijitapishe, nenda hospitali, na uchukue hilo jani, mzizi au chupa uliyotumia, daktari aione.